Yago la Owino

Mwaka ule wa nzige, kipande cha ulanga kwenye dirisha la Gekara kilianza kutoa jasho upande wa ndani, na jiko hata halijawashwa. Mkewe Elmina akakifuta hicho kijiwe chembamba kinachopitisha mwanga. Jasho likarudi, likinuka udongo mbichi na tumbaku.

"Ni umande tu," alisema Gekara.

Mwongo mkubwa! Tumbaku ile aliijua.

Yeye alikuwa nyapara wa mgodi wa Kimulot, nyuma ya mashamba ya chai. Mwamba ulipoporomoka ukamfukia Owino, mchimbaji aliyevuta tumbaku hiyo, Gekara peke yake alimsikia akigonga ndani. Lakini kando palikuwa pametokea mawe ya kijani, mazuri ajabu, na tamaa ikamziba masikio; akayachimba hayo, akamwacha. Akamwambia mjane, Wilkista, kwamba mumewe alikufa papo hapo. Wafanye kama wafanyavyo Wajaluo mwili ukikosekana, wazike tunda la yago mahali pake. Wakazika, wakalia, wakanyoa nywele. Gekara akashusha pumzi.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Jasho likawa maji, maji yakatiririka ukutani, na chini ya kitanda pakaanza kugongwa, ko, ko, mchana kweupe, huku Elmina, mja mzito, akisikia mtu akiita jina la mumewe polepole, bila hasira, kama mgonjwa anayeomba uji. Elmina akamwita Wilkista aje asikie.

Wilkista alisikiliza, kisha akamgeukia Gekara.

"Nyapara, siku tulizika yago, Owino alikuwa amekufa?"

Gekara akashika kitambaa, akaanza kufuta ukuta.

"Alikuwa anagonga bado?"

"Kidogo tu," alinong'ona.

"Kumbe ulinifanya nizike mtu ako hai!" Wilkista alimfokea. "Hiyo kaburi haiwezi kumshika. Enda umtoe mwenyewe."

Hapo kugonga kukahamia tumboni mwa Elmina. Akapiga yowe. Gekara akanyakua sururu, akakimbia mgodini, wanawake nyuma yake.

Alipotoboa kifusi, mkono ukatoka, ukamkamata, ukamvuta ndani. Mawe yakajifunga. Tumbo la Elmina likatulia.

Wachimbaji walikuja na makoleo. Wilkista alikuwa ameshaketi juu ya kifusi, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Chini yake Gekara alilia kwa sauti ya mtoto.

"Mama, inuka!" Elmina alimsihi. "Bwana yangu ako hai!"

"Najua," alijibu Wilkista. "Wacha wamalize kuongea."