Nywila ya Gabow

Mimi si mtu wa kuamini majini kirahisi. Wanaonisimulia mambo hayo huwa nawahoji mpaka wakasirike. Lakini Najib ni mtoto wa shangazi yangu, na uongo hauwezi. Hata kusifia chakula kibaya kunamshinda. Haya yalimpata yeye, mwaka jana, mchana kweupe.

Siku ilianza vizuri. Najib alikuwa Tarbaj, amelala nyumba ya wageni, amekunywa chai ya maziwa ya ngamia na kulalamika kwamba sukari imezidi. Kazi yake ni kutengeneza kompyuta. Anaishi Waberi, Garissa, peke yake tangu shangazi alipofariki. Alikuwa ameitwa na ofisi moja ndogo inayowatafutia watu jamaa zao waliopotezana nao. Karani wake, Gabow, alikuwa amefariki siku ishirini na tatu kabla, na nywila ya kumbukumbu zote alikuwa nayo yeye tu.

Mlangoni alimkuta mama mmoja ameketi kwenye mkeka. Jina lake Weris. Alipotezana na bintiye, Idman, miaka tisa nyuma, wakikimbia vita. Jumatano moja Gabow alimwambia kwamba Idman amepatikana, aje kesho apewe namba ya simu. Usiku huo Gabow akafa. Alhamisi Weris alipofika, walikuwa wametoka kumzika. Tangu hapo alikuja kila siku, akakaa pale pale. Na alasiri hii gari lilikuwa linakuja kuichukua kompyuta ikafutwe, kazi ianze upya.

Najib alimwita eeddo, shangazi, akamuuliza kama Gabow aliwahi kuitaja nywila. Kisomali cha Najib ni cha kununulia maziwa tu, sisi ni watu wa mtoni, si Wasomali, kwa hiyo Weris alimjibu kwa Kiswahili.

"Mimi nakaa hapa, nasikia. Akitaka kufungua, anasema 'bole sana'. Sauti ya chini. Halafu anagonga hiyo kitu, inafunguka."

Najib alitabasamu. Huku kwetu herufi p inawapiga chenga wengi. Pesa huwa besa, polisi huwa bolisi. Yeye Kiswahili alipata A, na hachoki kutukumbusha. Akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika:

mysql -u gabow -p

Ile p ya mwisho ndiyo inayoomba nywila. Akaandika polesana. Akakataliwa. Akaanza na herufi kubwa, akatenganisha maneno, akaongeza mwaka mwishoni. Jibu lilikuwa lile lile, gabow haruhusiwi. Kuandika kosa hakukumjia kichwani kabisa.

Basi akapita nyuma. Aliizima hifadhidata, akaiwasha upya kwa amri inayoiambia isimuulize mtu yeyote nywila. Ikamfungulia. Majina yakashuka, la Idman likiwemo, lakini safu ya mahali na simu ilikuwa vurugu la alama zisizosomeka. Gabow alikuwa ameificha kwa nywila yake, kwa usalama wa watu. Mlango umevunjwa, sanduku la ndani bado limefungwa.

Adhuhuri ilikuwa imepita na Tarbaj yote imejilaza kukwepa jua. Hakukuwa na sauti ya mtu wala mbuzi. Najib akaita orodha ya waliounganishwa, kuhakikisha tu kwamba yuko peke yake.

Walikuwa wawili.

Yeye. Na gabow, kutoka kompyuta ile ile. Mbele ya jina kumeandikwa Sleep, yaani amelala. Yumo, ila hafanyi kitu. Muda wa kulala huhesabiwa kwa sekunde. Najib akapiga hesabu. Siku ishirini na tatu.

Hifadhidata aliiwasha dakika nne zilizopita.

Akachomoa waya wa mtandao. Akatoa amri gabow akatwe. Akakatwa. Akaita orodha. Yumo. Akamkata tena. Yumo. Safari hii muda ulisoma sifuri.

Hakuwa amelala tena.

Kiti cha pili chumbani kilikuwa kitupu. Najib aliniambia aliogopa, na angetoka mbio kama asingemsikia Weris akikohoa nje. Akikimbia, Idman anafutwa. Akabaki. Akasikia pumzi karibu na sikio la kushoto. Kisha sauti, ya mtu mchovu asiye na haraka.

"Bole sana. Andika kama mimi nasema."

Akaandika bolesana. Kwa b.

Safu yote ikafunguka. Idman, Lafey, anauza chai karibu na soko, na namba yake ya simu. Najib alitoka, akapiga, akaiweka simu mikononi mwa Weris. Mtu wa upande wa pili alisema neno moja tu, "Hooyo", mama, na Weris akalia bila kujizuia. Najib naye alilia, na hana aibu kukiri.

Aliporudi ndani kufunga kompyuta, kulikuwa na kumbukumbu moja kwenye skrini. Hakuiita yeye. Jina: Gabow. Hali: hajapatikana. Anayemtafuta: hakuna. Iliandikwa miaka kumi na mitano iliyopita. Muda wote huo karani alikuwa kwenye orodha yake mwenyewe, akiwapata watoto wa wenzake, akingoja atokee mtu mmoja amuulizie.

Ikamuuma sana. Najib mwenyewe kila jioni hurudi kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumuuliza amechelewa wapi. Hakufikiri mara mbili. Penye anayemtafuta akaandika jina lake na namba yake ya simu. Gari lilipofika alasiri, lilirudi tupu.

Wiki mbili baadaye alikuwa kwangu, tunakula. Simu yake ikalia. Ofisi ile ina utaratibu wa kumtumia mtafutaji ujumbe mtu wake akipatikana. Najib akausoma, akanisogezea. Niliusoma mara tatu kwa macho yangu haya.

"Gabow amebatikana. Mahali: Waberi, kwako."

Nilipiga simu ofisini hapo hapo. Mlinzi, mzee Ogle, aliniambia kompyuta imefungiwa kabatini, haijawashwa tangu fundi aondoke, na karani mpya hajaletwa.

Nikamwomba Najib alale kwangu. Nilimwomba kweli, nikamshika mkono. Alikwenda kunawa, akavaa viatu polepole, akasema hapana, asije akachelewa.