Injini Isiyotaka Kutoka

Boneti ilikuwa ya moto. Fundi ndiyo kwanza alikuwa amefungua gereji, hata chai yake hajaimaliza, akaegemea gari la marehemu shemeji yake ili avae ovaroli, na kiganja kikaungua kidogo. Jua lilikuwa halijaingia ndani. Betri ya gari ilikuwa juu ya meza, imeunganishwa na chaja, kama alivyoiacha jana. Akaitazama boneti, akaitazama betri, kisha akajiambia kwamba mtu akichoka huhisi mambo mengi, akaendelea kuvaa.

Na kuchoka alikuwa amechoka kweli. Mgongo ulimuuma, macho yalimuuma, na hilo gari ndilo lililokuwa linammalizia nguvu zilizobaki. Lilikuwa gari la michezo la zamani, la viti viwili, la kijani, lenye pua ndefu, lililoundwa yeye akiwa bado ananyonya. Shemeji alilipenda kuliko chakula, na mwishowe alikutwa amefia humo humo, kichwa kimelalia usukani na injini inanguruma. Sasa lilikuwa la mjane wake, dada wa fundi, mshonaji wa nguo, aliyelileta gereji na swali moja tu: injini hii itengenezwe, au iwekwe nyingine?

Ni swali rahisi kwa asiyeshika spana. Fundi alilijibu mpaka mate yakamkauka.

"Dada, kranki imelika. Pistoni zake hazipatikani tena, labda zichongwe upya. Injini ya lile gari la saluni lililogongwa nyuma ni nzima, ina nguvu, hainywi mafuta. Nitahamisha rejeta, nitachomelea vishikizo vipya, kwisha kazi."

"Wanaopenda magari ya zamani watasemaje?"

"Hao wanataka gari na injini iliyozaliwa nayo. Ukibadilisha, thamani inashuka. Lakini wewe unauza?"

"Siuzi." Dada alipitisha kidole kwenye mlango kama anayepima kitambaa. "Ila ukiitoa hiyo, mdogo wangu, umemtoa yeye. Nitabaki na bati."

Fundi akaokota spana. Ubishi na dada yake alikuwa ameuacha tangu utotoni, maana hakuwahi kushinda hata mmoja.

Kila jioni, akitoka kwenye cherehani, dada alipita gereji kukaa ndani ya gari. Mwanzoni alikaa kidogo tu, kama mtu anayezuru kaburi. Baadaye ikawa fundi anafunga milango huku anambembeleza ashuke. Akaanza kukonda. Mifupa ya shingo ikachomoza, vidole vikawa baridi hivi kwamba sindano ilimdondoka, na nguo za wateja zikarundikana kitini bila kuguswa. Fundi alipomkalia kooni, alijibu kwa kunong'ona, huku akitabasamu.

"Ananiwashia. Ananguruma polepole mpaka nasinzia. Usimwambie mtu."

Fundi alitaka kucheka, kicheko kikagoma kutoka.

Kesho yake mchana, barabara ikiwa imejaa watu, alifungua boneti. Alikuwa na desturi ya mafundi wa zamani ya kusikiliza injini kwa bisibisi, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Injini ilikuwa imezimwa, betri iko mezani, na hakujua kwa nini anasikiliza chuma kilicholala. Lakini alisikiliza, na kwanza akasikia kimya, kisha chini ya kimya kitu kinachovuta pumzi na kuishusha bila haraka, na harufu ya nywele zilizoungua ikampanda puani, na alipotaka kuondoa sikio akaona shingo haimtii, mpaka sauti kavu, ambayo haikuwa ya shemeji wala ya mtu yeyote aliyewahi kumjua, ikasema ndani ya sikio lake, taratibu, kama inayomwomba jirani apunguze redio: *Usinitoe.*

Bisibisi ilianguka. Fundi alitoka nje, akakaa juu ya tairi, akampigia simu tabibu anayetoa majini.

Tabibu wa majini alikuwa mama wa makamo, mteja wake wa siku nyingi, mwenye pikapu isiyokwisha ugonjwa. Alikuja na mkoba wake, akaweka kiganja juu ya boneti, akakitoa upesi.

"Huyu si shemeji yako," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini. Shemeji yako alikuwa chakula chake. Sasa anamla dada."

"Nifanye nini, mama?"

"Si una injini nyingine? Nitaisomea, nitaifunga, asiweze kuingia. Yeye atabaki kwenye ile ya zamani, nawe utaipeleka kiwandani ikayeyushwe naye ndani. Ila sikiliza vizuri. Ukishaitoa hiyo, ingiza nyingine jua halijazama. Akiona nyumba yake, yaani hilo gari, iko wazi, atashuka aisubiri, na atasubiri ndani ya yule anayeipenda kuliko wote."

Fundi akakata shauri papo hapo. Habari za thamani na nguvu na mafuta zilimtoka kichwani. Injini ingebadilishwa ili dada yake aishi, basi. Alichukua futi, akapima injini ya saluni urefu, upana na kina, akapima na tumbo la gari. Inaingia. Hakumwambia dada neno. Tabibu akaisomea injini mpya, akaipaka dawa, akaondoka.

Kazi ilianza asubuhi. Injini ya zamani ilipopanda na winchi, mnyororo ulilia, na oili nyeusi ikadondoka sakafuni ikiwa ya moto. Fundi aliishusha pembeni, akaifunika turubai. Akaiandaa ile ya saluni, akaining'iniza, akaanza kuishusha. Ikashuka, ikashuka, ikagota.

Alichungulia chini kwa tochi. Sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, ilikuwa imekalia chuma kinachokatiza fremu. Siku ile ya kupima, sampu ilikuwa imefunguliwa ioshwe. Alikuwa amepima injini isiyo na tumbo. Kosa la mwanagenzi, na limefanywa na mtu mwenye mvi, kwa sababu alikuwa amechoka. Alijaribu kuipindisha, akajaribu kukata kile chuma, cheche zikamrukia usoni, na alipoinua kichwa mwanga mlangoni ulikuwa umekwisha kuwa mwekundu, kisha wa kijivu, kisha hakuna.

Chini ya turubai, ile pumzi ikakoma.

Hakupita muda mlango ukasukumwa, akaingia dada, peku, uzi wa cherehani umemzunguka kifundo cha mguu na kumfuata nyuma kama ameburuta kazi yote ya siku, macho wazi lakini hayamtazami mtu, na hewa iliyomzunguka ilikuwa na joto la chuma kilichotoka kuchomelewa, na alipompita mdogo wake bila salamu harufu ya nywele zilizoungua ikaijaza gereji, akafungua mlango wa gari, akakaa, akashika usukani kwa mikono miwili, akafunga mdomo, na kifuani mwake kukaanza kunguruma.

Fundi alimpigia simu tabibu.

"Jini ameshamwingia dada, mama! Njoo umtoe!"

"Naweza kumvuta, mwanangu. Lakini dada yako alivyodhoofika, jini atatoka na roho yake. Mrudishie jini nyumba yake, ile injini ndani ya gari."

"Nimrudishie?"

"Ndiyo njia pekee ya kumpata dada yako mzima. Na mtu akae na jini humo garini kila siku, ili asimwite dada tena."

Fundi hakuuliza mtu gani. Alikata simu, akapiga moyo konde, akavuta winchi. Jinsi alivyoiondoa ile ya saluni na kuirudisha ile ya zamani peke yake, mgongo ukipasuka kwa maumivu na dada yake akinguruma nyuma ya kioo, hakuweza kueleza baadaye. Alipokaza bolti ya mwisho ngurumo ilihama. Sasa ilisikika garini, mahali pake, laini, haigongi kabisa.

Dada alipiga chafya. Akatazama miguu yake.

"Viatu vyangu viko wapi? Nina kiu mie."

Fundi alimpa maji. Aliishika ile mikono yake, ilikuwa na joto la kawaida la binadamu, akalia kama mtoto. Dada alidhani analia kwa uchovu.

"Na injini?" aliuliza. "Umeamuaje?"

"Haibadilishwi, dada. Haina faida. Hii bado ni nzuri. Ila gari liache hapa kwangu, nitakuwa naliwasha mwenyewe."

"Nilikwambia!" Dada alicheka, kicheko chake cha zamani. "Miaka yote huniamini." Akaenda kutafuta mtu wa kumwazima kandambili, na kicheko kikamfuata mpaka barabarani.

Fundi alibaki peke yake. Alijikokota, akaingia, akakaa nyuma ya usukani, kwa sababu mtu wa kukaa na jini alikuwa yeye. Shemeji alikuwa mtu wa miguu mirefu, na kiti kile kilikuwa kimeganda kwa kutu mbali kule nyuma, hakisogei. Fundi alinyoosha mguu, haukuifikia hata klachi. Akaegemea, akafumba macho, akashukuru walau kwa hilo, kwamba kiti hakikuwa chake.

Kiti kikasogea mbele, polepole, kikasimama mahali ambapo miguu yake inafika.