Mapazia ya Ghorofa ya Juu

Lifti ya jengo lile la ofisi iliamua kufa saa ya chakula cha mchana, na ukumbi wa chini ukajaa watu wenye njaa na hasira. Katikati yao alisimama mshona mapazia, gauni lake la kijani limekunjamana, begani kabeba jora la kitambaa lililomzidi urefu. Aligeuka kutafuta pa kuliegemeza, jora likamgonga mtu kisogoni.

"Aa! Dada, kama unataka kuniua si uniambie kwanza nikaage nyumbani?"

Alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu, mikono imejaa grisi, anajishika kisogo huku anacheka.

"Samahani, kaka yangu. Sikukuona."

"Mimi huyu, na urefu wote huu?"

"Nina hasira. Tangu asubuhi naambiwa fundi wa lifti anakuja. Sijui anakuja kwa magoti!"

"Kwa magoti ndiyo," alijibu kijana, akimwonyesha magoti ya ovaroli yaliyochakaa kwa vumbi. "Nimetoka kutambaa juu ya paa la hiyo lifti sasa hivi."

Mshona mapazia alitamani ardhi ipasuke immeze. Kijana alilipokea jora, akabonyeza kitufe, mlango ukafunguka. Kabla hawajafika juu alikuwa ameomba namba ya simu, naye binti alikuwa ameitoa, baada ya kusitasita kidogo kwa ajili ya heshima tu.

Mapenzi yao yalikolea haraka. Fundi lifti alimwita Sindano, naye akaitwa Juu-Chini, na simu zao zilikuwa ndefu mpaka masikio yakawaka moto.

Shida yao ilikuwa moja: pa kukaa. Sindano alilala kwenye kochi la shangazi yake, na hakuweza kujinyoosha mpaka binamu zake washibe televisheni. Juu-Chini alichangia chumba na mafundi wenzake, wote wakoromaji. Walikubaliana kuoana siku watakayopata nyumba. Mji nao, kwa kejeli, ulikuwa ukiota majengo marefu kila kona, na nyumba nyingi humo zilikuwa tupu. Kila Jumapili walizunguka na dalali. Nyumba nzuri ziliwashinda kodi. Zile walizoziweza, hata dalali mwenyewe aliona haya kuzifungua.

"Hiki ni chumba au kabati?" Sindano aliuliza Jumapili moja.

"Kabati lina rafu, mpenzi. Hiki hakina kitu."

Walicheka, lakini njiani Sindano alianza kuburuta miguu.

"Nimechoka, Juu-Chini. Nitazeekea kwenye kochi la watu."

"Nipe muda kidogo tu, Sindano wangu."

Baada ya siku hiyo fundi akawa hashikiki. Akipigiwa simu, anahema. "Niko juu ya paa la lifti, roho yangu, nitakupigia." Hapigi. Jumapili ikifika, ana kazi. Sindano akaanza kusikia baridi moyoni.

Ndipo mama mwenye duka la mapazia alipomtuma kwenda kupima madirisha ya nyumba moja, ghorofa ya juu kabisa ya jengo refu la makazi. "Mteja kaniachia kila kitu, hata rangi uchague wewe," alisema bosi, akikwepa macho yake.

Nyumba ilikuwa ndogo lakini jua lilijaa mpaka jikoni, na madirisha yalishuka hadi sakafuni. Sindano alichagua rangi ya chungwa iliyopauka, akajikuta anamwonea wivu atakayelala humo.

"Bahati ya nani hii, mama?" alimuuliza msimamizi wa jengo, mwanamke mnene mwenye funguo tele kiunoni.

"Ya fundi lifti wetu. Yule mrefu, mcheshi. Anahamia na mkewe mwisho wa mwezi."

Futi ya kupimia ilimponyoka Sindano mkononi.

"Ana mke?"

"Tena wa ndoa! Hapa kamati haipangishi kapera. Na anavyomsifu huyo mke, utadhani wanawake wengine tuliumbwa kwa mabaki."

Mtu mwingine angepiga simu akauliza. Sindano hakuuliza; alizima simu, akalia mpaka shangazi akamtengea kochi mchana kweupe. Halafu akarudi kwenye cherehani. Alikata mapazia yale mafupi, shubiri nzima juu ya sakafu, na akashona pindo zuri lisilo na kasoro. Kama huyo mke ni wa kusifiwa hivyo, basi majirani wa jengo la mbele wamwone hata miguu.

Juu-Chini naye alikuwa hali, halali. Alipiga simu, akatuma ujumbe, akaenda dukani akaambiwa Sindano ana kichwa kinamuuma. Alikaribia kumwaga siri yake yote, akajizuia. Siku ya kutundika mapazia ilikuwa imekaribia. Wanaume bwana, wakipanga jambo zuri hupanga kila kitu isipokuwa kusema.

Siku hiyo Sindano alivaa gauni jekundu, hereni ndefu, na rangi ya mdomo ya binamu yake. Kama ni kumwona mke mwenza, basi amwone akiwa amependeza. Aliegemeza ngazi ukutani, akapanda, akatundika pazia la kwanza, la pili, na bado hakuja mtu. Kisha mlango ukafunguliwa. Alikuwa Juu-Chini, peke yake, shati jeupe limepigwa pasi.

"Mkeo yuko wapi?" Sindano aliuliza bila kushuka. "Nimkabidhi mapazia yake."

"Yuko juu ya ngazi, amenuna."

"Usinichezee! Msimamizi kaniambia. Una mke, na unamsifu kutwa."

Fundi alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Mungu wangu. Kumbe ndiyo hayo! Kamati haitaki kapera, nikasema nina mke. Wakaniuliza yukoje, nikawaeleza. Nani mwingine ninayemjua wa kumsifu, kama si wewe, Sindano?"

"Muongo. Nyumba hii utailipia kwa pesa gani?"

"Imekaa tupu kwa sababu lifti yao hufa kila mara, na hakuna anayetaka kupanda ngazi mpaka huku na mifuko ya sokoni. Mimi naitunza lifti, wao wanapunguza kodi mpaka tunaiweza. Ndiyo maana nilikuwa siku zote juu ya paa la lifti. Nilimwomba bosi wako afiche. Nilitaka upime madirisha ya nyumba yako mwenyewe."

Sindano aliketi palepale juu ya ngazi, akalia kwa sauti. Furaha ilikuwa inamtoka kwa machozi, mzigo wote wa wiki zile ukimshuka kifuani. Kisha akakumbuka kukasirika.

"Kwa hiyo umenioa bila kuniuliza?"

"Nakuuliza sasa. Utakubali niwe mumeo?"

Kabla hajajibu, macho ya Juu-Chini yaliteleza hadi sakafuni. "Lakini mbona haya mapazia yameishia hewani?"

"Niliyakata makusudi. Nilitaka majirani wamwone mkeo miguu."

Juu-Chini alicheka mpaka akakaa chini, shati jeupe likashika vumbi la sakafu. Alipopata pumzi alisema, kwa sauti ya chini sasa, "Hujanijibu, mpenzi."

Sindano alijifuta uso kwa kiganja, rangi ya mdomo ikasambaa shavuni. Aligeukia dirishani, akaanza kuchomoa vishikizo kimoja kimoja.

"Inuka, pokea hili. Nayarudisha dukani nikayaungie kitambaa chini," alisema. "Mimi siwezi kuishi na mapazia mafupi namna hii."

Juu-Chini alisimama, mikono imejaa kitambaa, na ilimchukua muda kuelewa kwamba amekwishajibiwa.