Dakika Tatu Kabla ya Tangazo

Duka la vifaa vya umeme lilifurika watu mchana ule, na hedfoni iliyobaki ilikuwa moja tu. Mikono miwili ikaishika kwa pamoja.

"Dada, niachie. Mimi nasoma habari runingani, bila hii sisikii kitu."

"Kaka, na mimi nahariri filamu. Bila hiyo sili."

"Basi tuinunue, tugawane sikio moja moja."

Binti akapasua cheko. Alivaa gauni la maua ya bluu, penseli kaichomeka kwenye nywele. Shati la kijana lilikuwa la rangi ya ndimu, limepigwa pasi utadhani anakwenda kuoa. Binti aliondoka na hedfoni, na namba ya simu ya kijana juu. Baada ya miezi minane kijana alikuwa akimwita binti Mkasi, naye akimwita kijana Sauti, na mama mzazi wa Mkasi alishaanza kusema "mkwe wangu" kabla hata posa haijaletwa.

Jumanne moja wakaamka na vifaru barabarani. Redio zote zilipiga muziki wa gwaride. Saa tatu asubuhi runinga ikafunguka, na aliyekaa pale ni Sauti, anatangaza kwamba serikali imepinduliwa na raia wote wabaki ndani. Alisoma bila kigugumizi.

"Mkwe wangu huyo?" mama akauliza, birika mkononi.

"Hakuna mkwe hapa, mama."

Simu ililia mara saba. Ya nane akapokea.

"Mkasi wangu, nisikilize kwanza..."

"Nchi nzima imekusikiliza. Umesoma vizuri, hongera!" Akakata, akamfungia namba.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la aibu kwa mtu wa kazi yake. Mhariri anajua kuliko yeyote kwamba kinachoonekana kwenye kioo ni kipande tu, na kwamba kuna kingine kimeachwa nje. Lakini hasira ikimkaba mtu, ufundi wote humtoka.

Wanajeshi walidumu siku kumi na mbili, wakasalimu amri. Watu walirudi barabarani wakiimba, na msomaji wa tangazo akawa hana pa kupita. Walimzomea sokoni, kazini wakamwambia apumzike. Binti alisikia, akajikaza kisabuni. Alikuwa amepewa kazi kubwa kuliko zote maishani mwake, filamu ya hali halisi kuhusu siku zile. Wiki ya tano tangu tangazo lile, mpiga picha mmoja mzee wa kituo cha runinga akamletea picha za asubuhi ile, nzima, hazijaguswa.

"Anzia mwanzo," mzee akasema. "Kamera niliiwasha mapema kuliko walivyodhani."

Dakika tatu kabla ya tangazo, kapteni anamkabidhi karatasi mtangazaji wa zamu, mwanamke mwenye mimba kubwa. Mwanamke anaegemea meza. Sauti anaingia upande wa kushoto.

"Afande, dada huyu hawezi hata kusimama. Nipe mimi nisome."

"Unajua ukisoma, watu watakukumbuka wewe, si sisi?"

"Najua. Ila aende nyumbani sasa hivi, nimwone akitoka."

Anamsindikiza kwa macho mpaka mlango unafungwa. Ndipo anavaa koti la kuazima lisilomwenea, anaketi.

Mkasi aliangalia mara tisa. Alilia mpaka akakosa pumzi.

"Mbona hakusema?"

"Alimwambia kila mtu, nani alimwamini? Yule dada alikimbilia kwao siku ileile, hata simu hashiki. Na picha hizi nilizichimbia mpaka juzi, kwa woga wangu mwenyewe."

Hakungoja zaidi. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa kijana, na mlango ukafunguliwa na shangazi yake.

"Karibu, mwanangu. Wewe ndiye mgeni wa kwanza tangu siku ile."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Kijana alikuwa sebuleni anakunja nguo, amekonda, kola imemlegea shingoni.

"Nimeona," binti akasema. "Nimeona yote, tangu mwanzo. Nisamehe, mpenzi. Mimi wa kukuuliza kwanza, nikawa wa kwanza kukuzomea."

Alijiandaa kwa lawama, na angezipokea zote. Kijana alimtazama, macho yakamlowa.

"Asante kwa kuja."

"Usinishukuru mimi!"

"Nimshukuru nani basi? Yule dada kanipigia jana, kapata mtoto wa kike. Nilisema, Mungu, hata wakinizomea mpaka nife, nashukuru. Halafu nikakukumbuka wewe, shukrani ikaishia hapo."

Binti akaketi juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Basi nisikilize. Nimekuja kuomba msamaha. Ukinipa, naomba na uchumba hapohapo, sina subira ya kungoja posa."

"Amekubali!" shangazi akapaza sauti kutoka jikoni. "Na asipokubali, atafute pa kulala!"

"Nimekubali," kijana akasema, akimshika mikono yote miwili. "Usije ukanilaza nje, shangazi."

Nyumba iliyokaa wiki tano bila mgeni ikajaa kicheko. Binti alicheka huku analia, akimshukuru Mungu kwamba alichelewa, na bado akafunguliwa mlango.