Mgeni wa Mwalimu Bofya

Swali la kwanza ambalo Mwalimu Bofya hakulitunga lilijitokeza katikati ya somo la moyo. Video ilisimama yenyewe, kama alivyoipanga isimame, na maandishi meupe yakatokea: *Nimekaa wapi? A, mbele. B, katikati. C, nyuma. D, bado nimesimama.*

Darasa zima likabofya D.

Mwalimu hakuona. Alikuwa nyuma ya darasa, ameinamia simu yake, anatazama picha za magari ya watu. Ndiyo ilikuwa kazi yake tangu arudi kutoka semina ya video zinazouliza maswali. Video inafundisha, video inasimama, video inauliza. Watoto wanabofya jibu kwenye vishikwambi, na alama zinajipanga zenyewe kwenye kompyuta yake. Kifaa chenyewe hakikuwa na ubaya. Mwalimu wa jiografia, mlango wa pili, alikitumia vizuri: video ikisimama naye anasimama, anawauliza wanafunzi kwa nini wamechagua jibu lile, wanabishana mpaka kengele inalia. Bofya alikipenda kwa sababu kilimwokoa na kusikiliza watoto. Uvivu ni uvivu tu, hata ukipewa cheti na chai ya semina.

Aliyeumia zaidi ni mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, aliyeishi kwake na kusoma darasa lake. Walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

"Mwalimu," aliuliza siku ile, "moyo ukisimama kidogo, nani anaushtua uanze tena?"

"Maswali yako kwenye video," alisema Bofya bila kuinua macho. "Bofya."

Jioni, alipotazama alama, alikuta majibu yamezidi wanafunzi kwa moja. Akasema ni mtandao, akafunga kompyuta. Watu wa namna yake hawakosi wa kumtwika lawama.

Somo lililofuata, video ilisimama tena, na safari hii chumba kikanuka nywele zilizoungua, na juu ya harufu hiyo marashi matamu ya kutia kichefuchefu. *Nani ataniachia kiti?* Chini yake yalipangwa majina ya utani ya wanafunzi wanne, na la mwisho lilikuwa Chiriku. Watoto waliona ni mzaha wa mwalimu. Wakacheka, wakambofya Chiriku, na kicheko kikakatika kwa wote mara moja, vinywa vikiwa bado wazi, wakati Chiriku alipoinuka polepole, akasogea pembeni kama anayempisha mtu mnene, akasubiri, kisha akarudi kukaa vizuri, mikono juu ya meza, mgongo umenyooka, macho kwenye video, akiwa na utulivu ambao hakuna aliyewahi kuuona kwake tangu siku ya kwanza.

Bofya alifurahi. Wiki iliyofuata wakaguzi walikuwa wanakuja, na cheo cha mkuu wa taaluma kilikuwa wazi. Darasa kimya ni darasa zuri, alijiambia.

Mama yake Bofya, aliyeishi nao, ndiye aliyeshtuka. Jua lilikuwa halijazama vizuri alipomkuta mjukuu wake ameketi jikoni, anatazama ukuta.

"Mjukuu wangu, una njaa?"

"A, ndiyo," alisema Chiriku. "B, hapana. C, sijui. D, yote ni sahihi."

Bibi akacheka kidogo, akidhani ni utundu wa shule. "Acha utani. Nani kakuudhi?"

"A, bibi. B, mjomba. C, marehemu mama. D, yote ni sahihi."

Sauti haikupanda wala kushuka, na pumzi yake ilinuka nywele zilizoungua. Bibi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati. Akamwita mwanawe kwa mnong'ono.

"Umemfanya nini mtoto?"

"Mama, amechoka tu. Wakaguzi wakishaondoka nitampeleka hospitali."

"Nakuuliza umemfanya nini, unaniambia wakaguzi?"

Kesho yake, baada ya masomo, bibi alimleta Bi Vifungo, mwanamke mfupi mwenye duka la nyuzi na vifungo, ambaye watu wa mtaa walimwendea kwa mambo haya wakiwa wamejifunika nyuso. Bi Vifungo hakufukiza kitu. Alikaa maabara ya shule pamoja na bibi na Bofya, Chiriku katikati yao, akataka aoneshwe video tangu mwanzo. Bofya alionekana kwenye picha, yuko peke yake katika maabara hii hii, anaeleza moyo. Nyuma yake, mlangoni, sauti ikasema: hodi. Na Bofya wa kwenye picha, bila kugeuka, akajibu: karibu.

"Nani huyo?" Bi Vifungo aliuliza.

"Sijui. Hakuingia mtu. Nilisema tu, nisiikatishe video."

"Umesema karibu kwa usiyemwona, ukamwacha bila kiti. Kwa nini hukuifuta ukaanza upya?"

"Ingekuwa kazi."

"Kazi!" alisema mama yake, na neno lile alilitema.

Bi Vifungo akashusha sauti. "Kaalikwa kwa mdomo, hatoki kwa kidole. Akikuuliza, mwambie: kaa na mimi, mwache mtoto. Nitakusaidia kumtoa kwako, wewe una mwili wa mtu mzima. Kwa mtoto siwezi, atamrarua akitoka."

Video ikasimama. Madirisha yalikuwa wazi lakini hewa haikuingia, ile harufu ikazidi mpaka ikawa kama kitu cha kulamba, na kutoka kwenye kompyuta ikaja sauti ya Bofya mwenyewe, ile ile ya kufundishia, ikiuliza taratibu: *Nikae na nani?*

"Sema, mwanangu," bibi alinong'ona. "Maneno machache tu."

Mtu huyu alikuwa na masaa ya maneno kwenye kompyuta yake. Alimtazama Chiriku, mtoto ambaye dada yake alimkabidhi akiwa kitandani mwa hospitali. Chiriku hakugeuza kichwa, lakini machozi yalikuwa yanamshuka. Alikuwa bado yumo, anasikia kila kitu, anangoja.

Bofya akalamba midomo. "Hakuna njia nyingine? Maana wakaguzi... wiki moja tu, Bi Vifungo. Nipe nafasi nifikirie."

"Mpumbavu wee, jibu!" Bi Vifungo alifoka.

"Kaa na mimi!" bibi alipiga kelele. "Mimi hapa, nichukue mimi!" Lakini si yeye aliyekaribisha, na yule mgeni hakumsikia.

Bofya alimtazama Bi Vifungo, akingoja ataje njia nyingine.

*Muda umekwisha,* ilisema sauti yake kwenye kompyuta, kwa upole wa mwalimu anayemwonea huruma mjinga. *Jibu lako limehifadhiwa.*

Machozi ya Chiriku yakakatika. Bibi aliyafuta yaliyobaki, akamkumbatia, akamwita kwa kila jina la mapenzi alilowahi kumpa, na mtoto akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni wa shule.

Wakaguzi walilisifu sana darasa lile. Bofya alipata cheo.