Wivine Anataka Kwenda kwa Mama Yake

Donat alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Katuba, mjini Elisabethville. Alishona barazani. Mkewe Wivine aliketi karibu naye akichambua sombe, majani ya muhogo, na hawakuacha kutaniana.

Kisha Wivine akaanza kusahau. Alitia chumvi mara mbili. Aliacha sufuria tupu juu ya mbabula, jiko la makaa, mpaka ikaungua. Na kila jioni alijifunga kitambaa kichwani, akasema:

"Niko naenda kwa mama, kule Lukafu."

"Mama yako alikufwa zamani," Donat alimjibu.

Wivine aliangua kilio, kama mtu aliyepata habari ya msiba sasa hivi. Kesho yake ikawa vilevile.

Siku moja Donat alikuwa anampima mteja. Wivine akatoka. Jirani yao Amida, muuza mchele, alimkuta ameketi juu ya reli, anangoja treni. Akamshika mkono, akamrudisha nyumbani.

"Bantu banasema iko bulozi, eti alilogwa," Donat alisema.

"Hapana, tata Donat. Iko ugonjwa ya bongo. Mukwe wangu alikuwa nayo, na muganga wa hospitali alitufasiria. Dawa ya kuiponyesha haiko. Lakini unaweza kumusaidia. Akitafuta mama yake, usimubishie. Muulize juu ya mama. Tembea naye kidogo, halafu murudi. Kazi umupatie moja-moja. Moto, uangalie wewe."

"Na nikichoka?"

"Utaniita. Na ambia majirani bote, usione haya. Bakimuona njiani, batamuleta."

Jioni Wivine alichukua kitambaa chake. Donat aliacha cherehani.

"Twende wote. Mama anapikaka nini?"

"Muhogo na karanga!" Wivine alicheka.

Walitembea mpaka kwenye bomba la maji, Wivine akisimulia njia nzima. Waliporudi alikuwa amechoka. Akaingia ndani mwenyewe, akala.

Wivine hakupona. Siku nyingine Donat alipandisha sauti, kisha akamwomba radhi. Lakini vilio vya jioni viliisha. Amida naye alikuja kukaa na Wivine, ili Donat apate kulala.

Jumapili moja, wakirudi kutembea, Wivine alimtazama mumewe. Alitafuta jina lake, asilipate.

"Uko muntu muzuri," alisema. "Mama akikuona, atakubali unioe."

Donat alicheka, machozi yakimlengalenga.

"Basi twende tukule," akasema, akamfungulia mlango.