Ukingo wa Kitabu cha Kijani

Kila siku Perpétue aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alichemsha uji. Alimwamsha binti yake, Estelle, aende shule. Kisha alikunja vitenge vyake, akavifunga na kujitwika kichwani, akaanza kutembea.

Kutoka Namuwongo, mtaa wao wa Kampala, alitembea akiuza mpaka Old Kampala. Kutoka Old Kampala alitembea mpaka hospitali ya Mulago, kwa sababu wauguzi hupenda vitenge vya Kongo. Halafu alirudi, kwa miguu ileile. Mumewe, Kasereka, alipakua magunia ya saruji kwenye maghala karibu na reli. Jioni waliketi mlangoni, kila mmoja akitazama miguu yake.

Nawafahamu kwa sababu nilikuwa mwalimu wa Perpétue. Jina langu ni Odur. Mchana nilifundisha watoto themanini katika chumba kimoja. Jioni nilifundisha watu wazima kusoma. Mimi pia nilichoka, na nalisema hilo mapema, msije mkadhani kwamba mwalimu ndiye shujaa wa hadithi hii.

Tulisoma kwa Kiswahili. Darasani tulikuwa na Wakongo, Waacholi na Wanubi, na lugha nyingine yoyote ingemwacha mtu nje. Darasa lilipokwisha, mgeni mmoja alikuja kugawa vyeti. Alitupa pia zawadi ya kitabu. Kilikuwa kitabu kinene cha kijani, chenye kurasa mia nne, kuhusu falme za zamani na vita vyake. Kilikuwa kimoja tu. Wanafunzi walikuwa sita.

Nikawaambia, "Msiache kusoma. Kutaneni kila Jumapili saa kumi. Kitabu hiki kitazunguka. Atakayekimaliza ataandika jina lake ukurasa wa mwisho, kisha atawaambia wenzake kama ni kizuri."

Nikaongeza maneno niliyozoea kusema darasani, "Na anayeanza kitabu lazima amalize. Kitabu ni sahani ya chakula. Hakiachwi nusu."

Walinipigia makofi. Nilifurahi kupigiwa makofi.

Walikutana kwenye baraza ya Hajati Rehemah, Mnubi mmoja mjane, jirani yao. Hajati alisuka makawa ya kufunikia chakula, mekundu, ya kijani na meusi. Hakuwa mwanafunzi wangu. Alijua kusoma tangu utotoni, na ndani kwake alikuwa na sanduku la vitabu vya kila aina. Jumapili aliketi pembeni akisuka. Aliwasikiliza, na hakutia neno.

Kitabu kikazunguka. Apio, muuza dagaa, alikimaliza. Okullo, fundi wa baiskeli, alikimaliza. Wengine wawili nao walikimaliza. Kila mmoja alisema, "Ni kizuri sana." Kisha kikamfikia Perpétue.

Alikuwa akikifungua saa mbili usiku, baada ya kuosha vyombo. Alikaa karibu na kibatari na kuweka kidole chini ya mstari. Mfalme alikuwa na jina refu. Baba yake alikuwa na jina refu zaidi. Ikifika mistari mitano, macho yalijifunga. Asubuhi Estelle alimkuta ameweka shavu juu ya ukurasa wa kumi na nne, na ukurasa umelowa mate.

Wiki kumi na moja zikapita. Ukurasa ulikuwa uleule.

"Unaendelea?" wenzake waliuliza kila Jumapili.

"Ninaendelea muzuri," alijibu.

Kasereka alijigamba mbele ya wapakuaji wenzake, "Mke wangu anasoma kitabu kubwa kama tofali!" Perpétue aliposikia alitamani ardhi ipasuke immeze. Angesemaje kwamba tofali lile lilimlaza kila jioni? Wenzake wote walikuwa wamelimaliza. Kwa hiyo mjinga alikuwa yeye.

Jumapili ya kumi na mbili, alichukua kalamu. Aliandika jina lake ukurasa wa mwisho, herufi kwa herufi, kwa mwandiko mzuri niliomfundisha. Kisha akampa kitabu Akwero, ambaye zamu yake ilikuwa ya mwisho.

"Ni kizuri?" Akwero aliuliza.

"Kizuri sana. Kisome. Utakipenda."

Akwero aliuza makaa kwenye njia ya reli. Alitoka kaskazini wakati wa vita, akiwa darasa la pili, na hakurudi shule tena mpaka alipokuja kwangu akiwa na miaka thelathini na nane. Yeye ndiye aliyejifunza kwa shida kuliko wote. Siku aliposoma jina lake mwenyewe ubaoni, aliweka mkono mdomoni akakaa hivyo kwa muda mrefu.

Baada ya wiki tatu, Akwero alikuja mlangoni kwa Perpétue. Alikuwa amebeba kitabu cha kijani, daftari lake na kalamu.

"Mama Estelle, chukua. Mimi hapana kuja tena Jumapili."

"Kwa nini, dada?"

"Kichwa yangu imekufa. Wewe unatembea mpaka Mulago na umemaliza. Apio ana watoto saba na amemaliza. Mimi nimesoma wiki tatu, mambo hapana ingia. Kusoma ni ya watu wengine. Hii kalamu mpe Estelle."

"Akwero, ngoja..."

Perpétue alitaka kusema ukweli, lakini hakuthubutu. Akwero aliweka vitu vyake kizingitini akaenda zake.

Kesho yake Perpétue hakwenda Mulago. Alikwenda kwa Hajati Rehemah na kitabu mkononi.

"Hajati, shikamoo. Nakuomba umurudishie mwalimu hii kitabu. Akwero ameacha kusoma."

"Marahaba. Kaa kwanza, mwanangu. Umechoka hata uso."

Hajati aliweka kawa chini. Alishika kitabu, lakini hakukifungua. Alikigeuza ubavu, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kurasa. Akaanza kucheka taratibu.

"Mimi nasuka miaka arobaini," alisema. "Mkono wa mtu unaacha alama. Nikiona kawa, najua aliyesuka alikuwa anakula nini. Angalia hapa. Hii nyeusi ni makaa ya Akwero. Hii ya kung'aa ni mafuta ya dagaa, ni Apio huyo. Na hii ni girisi ya Okullo. Sasa angalia zinaishia wapi."

Perpétue alitazama. Mwanzoni ukingo ulikuwa mchafu, mweusi, wenye mafuta. Uchafu uliishia kwenye ukurasa wa thelathini na moja. Kuanzia hapo mpaka ukurasa wa majina, kurasa zote zilikuwa nyeupe kama siku kilipotoka dukani.

"Mungu wangu," alisema Perpétue. "Hakuna mutu alimaliza?"

"Hakuna. Akwero wa makaa ndiye amefika mbali kuliko nyinyi wote. Ukurasa wa thelathini na moja una makaa peke yake."

Perpétue akaanza kulia. Hakulia kwa sauti; alikuwa amechoka mno. Alieleza yote, kuhusu kibatari, mfalme mwenye jina refu na jina aliloandika mwishoni.

"Nilimuambia ni kizuri," alisema. "Yeye aliniamini. Ni mimi nimemufukuza."

Hajati hakumfariji haraka. Alimpa chai kwanza.

"Mimi hiki kitabu nilikifungua Jumapili moja mlipokisahau hapa," alisema kisha. "Nilifika ukurasa wa tisa nikakifunga. Si kibaya. Kinamfaa mtu mwenye kiti, meza na akili iliyopumzika. Sisi hapa nani ana kiti?"

"Lakini mwalimu alisema kitabu hakiachwi nusu."

"Mwalimu wenu alisema. Mimi kawa likienda vibaya, nafumua. Sioni haya. Wewe ukimwonyesha mteja kitenge asikitake, unamfunga nacho?"

"Hapana. Naonyesha ingine."

"Basi. Na tena, unasoma saa ngapi?"

"Saa mbili. Nikisha kuosha vyombo."

"Saa hiyo hata mimi ningelala. Huko Mulago, ukimaliza kuuza, hupumziki?"

"Napumzika kidogo, mchana. Nakaa kwenye ngazi, miguu ipoe."

"Kitabu kikae ndani ya mzigo wa vitenge. Soma hapo. Kurasa mbili zinatosha. Ukifungua kitabu saa ambayo mwili umekufa, utadhani akili ndiyo imekufa. Akwero amedhani hivyo."

Jumapili iliyofuata nilikwenda barazani, maana Perpétue aliniita. Wote walikuwepo, isipokuwa Akwero. Perpétue alisimama. Miguu yake ilikuwa imevimba, lakini alikataa kukaa.

"Ile jina nyuma ya kitabu ni uongo," alisema. "Mimi nilifika kumi na nne. Nililala."

Okullo alitazama viatu vyake. Kisha Apio akasema, "Banange! Mimi nilifika ishirini. Watoto walikuwa wanalia."

"Mimi kumi na mbili," alisema Okullo. "Niliogopa kusema. Kila mtu alikuwa anasema kizuri, kizuri."

Wale wengine wawili nao wakasema. Halafu Hajati Rehemah akanyanyua macho kutoka kwenye kawa lake, akanitazama mimi.

Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na majina sita. Jina la kwanza kabisa lilikuwa langu. Niliandika kabla kitabu hakijaanza kuzunguka, ili kuwapa mfano.

"Ukurasa wa saba," nilisema.

Nimesimama mbele ya watoto miaka kumi na tisa, na sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nilikuwa nimetoka shuleni, nimechoka, nikasoma kurasa saba tu, nikasema kitabu ni kizuri. Walionifuata walidhani njia ni hiyo.

Hakuna aliyenizomea, na hilo liliuma zaidi. Hajati alisema tu, "Ukimsifia mwenzako kitabu, usimwambie ni kizuri. Mwambie ulikuwa umechoka kiasi gani ulipokisoma, na ulifika wapi. Yeye mwenyewe atajua kama kinamfaa."

Jioni hiyohiyo, Perpétue nami tulikwenda kwenye makaa. Tulimkuta Akwero akifunga magunia. Perpétue alimweleza kila kitu. Alimwonyesha ukingo wa kitabu, mahali ambapo alama zote zinaishia isipokuwa zake.

Akwero alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atacheka, lakini alikasirika.

"Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu mimi nalia, nasema mimi ni ng'ombe. Na nyinyi wote mlikuwa mnajua?"

"Hapana, dada. Kila mutu alijua yake tu," alisema Perpétue. "Nisamehe."

"Na wewe, mwalimu?"

"Mimi niliishia ukurasa wa saba," nilisema.

Akwero alinigeukia. "Saba!" alisema. "Na una cheti kubwa ya serikali!" Hapo ndipo kicheko kilipomponyoka kidogo, lakini hakusema kama atarudi. Alichukua daftari na kalamu yake kutoka mkononi mwa Perpétue. Tulirudi nyumbani na tumaini hilo dogo.

Kwenye baraza mambo yalibadilika. Hajati alifungua sanduku lake. Vilitoka vitabu vyembamba, kimoja cha kufuga kuku, kingine cha mashairi, vingine vya hadithi. Kila Jumapili mmoja husoma kwa sauti, na wengine wanafanya kazi zao. Apio huchagua dagaa. Okullo huleta matairi ya kuziba. Macho ya mmoja yanatosha, na masikio ya wote yanakula. Ukurasa wa mwisho wa kila kitabu huandikwa ukweli. Perpétue aliandika kwenye kitabu cha kuku, "Nilisoma Mulago kwenye ngazi, mchana. Nilimaliza kwa siku tisa. Kinafaa hata kama huna kuku." Okullo aliandika kwenye mashairi, "Niliacha ukurasa wa tano. Mtu mwenye mapenzi ajaribu."

Kitabu cha kijani nilikichukua mimi. Nasoma kurasa mbili asubuhi kabla ya kengele. Sasa nimefika ukurasa wa hamsini na nane. Mfalme bado ana jina refu.

Akwero alikosa Jumapili ya kwanza, na ya pili pia. Ya tatu alikuja, akakaa mwisho wa baraza, karibu na mlango, asisome. Walipoondoka, alichukua kimya kimya kitabu chembamba kuliko vyote, hadithi ya mjane na mbuzi wake mwizi.

Mwezi mzima hakukitaja kitabu hicho. Kisha asubuhi moja Perpétue alipopita na vitenge kichwani, Akwero alimsimamisha njiani.

"Mama Estelle, miguu inauma?"

"Inauma, dada. Leo sijue kama nitafika Mulago."

"Chukua hii. Nimesoma hapa kwa makaa, wateja wakikosa. Nilikuwa nimechoka sana, sana. Hapana lala hata siku moja. Huyo mbuzi, wewe! Utaona."

Perpétue hakuuliza kama ni kizuri. Alikigeuza ubavu, akatazama ukingo. Ulikuwa mweusi kwa makaa, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Alikitia ndani ya vitenge, akakaza mzigo, akaendelea na safari yake.